Tundu la Kayaki ya Njano

Ukiwa na dakika chache, kaa usome hadithi hii hadi mstari wake wa mwisho. Ukimaliza, usiifungie kwenye simu yako. Mtumie yule ambaye siku hizi mkikutana njiani kila mmoja anatazama upande wake.

Palikuwa na mvuvi mmoja aitwaye Majura, aliyeishi karibu na mwalo mdogo kando ya ziwa kubwa. Mwalo ni ule ufuko ambapo mitumbwi huegeshwa na samaki hushushwa, na habari zote za kijiji hupita hapo kwanza kabla hazijafika majumbani.

Majura hakuwa na mtumbwi wa mbao kama wenzake. Alikuwa na kayaki. Alikuwa amelinda hoteli moja ya watalii kwa miaka mitatu, na hoteli ilipofungwa, mwenyewe aliwaambia walinzi kila mmoja achague kitu kimoja aondoke nacho. Wenzake walichagua magodoro na majiko ya gesi. Majura alichagua kayaki ya plastiki, ya njano kama papai bivu, ndefu, nyembamba, iliyozibwa juu na chini kama yai. Mtu hukaa juu yake, si ndani yake. Ndani ni patupu, hewa peke yake, na mkiani kuna kizibo kidogo cha kuzungusha.

Alipoifikisha mwaloni, watu walicheka mpaka wakasahau dagaa wao juani.

"Majura, hilo beseni limeota pua?" aliuliza Masatu, fundi wa mitumbwi.

"Ni kayaki."

"Ikiugua utaileta kwangu au utaipeleka zahanati?"

Majura alicheka pamoja nao. Yeye na Masatu walikuwa majirani tangu wakiwa wadogo, na siku isiyokuwa na utani kati yao ilikuwa kama ugali usio na mboga.

Lakini kayaki ilikuwa nyepesi. Ilipenya kwenye matete ambako mitumbwi ya mbao haifiki, na huko kwenye matete ndiko sato wanono wanakojificha. Majura alichukua keria ya baiskeli kuukuu, akaikaza kwa skrubu nne juu ya mkia wa kayaki, akafunga ndoo yake ya samaki hapo. Kila asubuhi alirudi na kitu ndani ya ndoo. Kicheko cha mwaloni kikapungua chenyewe.

Ndipo kayaki ikaanza kunywa maji.

Haikunywa kila siku, na hilo ndilo lililomchanganya. Siku aliyopata samaki wawili watatu, alirudi mkavu. Siku ambayo ndoo ilijaa, kayaki ilianza kulemea nyuma, ikayumba kama mtu aliyetoka kilabuni, na Majura akafika ufukoni maji yakiwa kiunoni. Akifungua kizibo, maji yalimwagika kama ng'ombe anayekojoa, hayakomi. Siku moja ilibidi amwage ziwani samaki wote wa asubuhi nzima ili yeye mwenyewe apone.

Akafanya kile ambacho kila mtu wa mwalo ule angefanya. Akaipindua akatafuta tundu kwenye tumbo lake. Mtumbwi wa mbao huingiza maji kwa chini, katikati ya mbao na mbao, na hata mtoto anayejifunza kutembea mwaloni anajua hivyo. Akapapasa kwa kiganja, akakuta mikwaruzo, akaipaka lami.

Kesho yake alipata samaki wachache, akarudi mkavu, akaimba njia nzima. Keshokutwa ndoo ilijaa, na maji yakaingia. Akapaka lami tena. Wiki tatu baadaye tumbo la kayaki lilikuwa na madoa kama chui, na maji bado yaliingia.

Usiku mmoja akamwambia mkewe, Nyafuru, "Nimelielewa tundu hili. Siku ya samaki wachache halipo. Siku ya neema lipo. Hili tundu lina macho, mama Bwire. Linaitazama ndoo yangu."

"Tundu lina macho?"

"Mtu aliyelitoboa ndiye mwenye macho."

Neno hilo likamkaa moyoni. Na mwaloni hapakukosekana wa kulimwagilia maji. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema muuza dagaa mmoja ambaye hata hakuulizwa.

Asubuhi moja Majura alishuka mwaloni mapema kuliko kawaida. Akamkuta Masatu amepiga magoti kando ya kayaki, sikio amelibandika kwenye ubavu wake, anaigonga kwa kidole: ko, ko, ko.

"Unafanya nini hapo?"

Masatu akashtuka. "Aa, Majura. Naisikiliza."

"Unaisikiliza! Inakuimbia?"

"Ngoja nikwambie, ndani humu..."

Majura hakungoja. Alikuwa ameshanyanyua kasia juu, na watu walikuwa wameshaanza kukimbia kuja kutazama. Mbele yao wote akatamka maneno ambayo mwaloni hayatamkwi ovyo.

"Masatu ndiye anayetoboa chombo changu!"

Waliokuwa wakikimbia wakasimama papo hapo. Kutoboa chombo cha mtu ni kumtaka afe majini, kwa hiyo mwalo ule ulikuwa na sheria yake, ya tangu enzi za mababu. Anayemtuhumu mwenzake hupewa siku saba aonyeshe tundu mbele ya watu. Ikionekana kwamba limetobolewa na yule mwenzake, mwenzake anahama mwalo. Ikionekana kwamba amemsingizia, aliyesingiziwa hupewa kasia, husimama ukingoni mwa maji, na kumwonyesha msingiziaji mahali atakapoegesha chombo chake kuanzia siku hiyo. Kasia likishaonyesha, hakuna rufaa.

Mtu wa mwisho kuonyeshwa kasia aliitwa Kubwera. Lilielekezwa ng'ambo ya ghuba, kwenye viboko, ambako hakuna njia wala mnunuzi. Hadi leo Kubwera huvua samaki na kujiuzia mwenyewe.

Mwenyekiti wa mwalo, mama aitwaye Nyabweke, alimtazama Majura kwa muda. "Baba, neno bado liko mdomoni. Ukitaka kulimeza, limeze sasa hivi, sisi tutasema tulisikia upepo."

"Nimeshasema, mama."

"Haya. Jumapili ijayo asubuhi utuonyeshe tundu."

Nyumbani Nyafuru alimpokea amesimama mlangoni, kwani habari ilikuwa imefika kabla yake. Nyafuru ndiye aliyewauza samaki pale mwaloni, kwenye meza yake ndogo chini ya turubai, na wateja wake aliwajua mmoja mmoja.

"Kasia likielekezwa kwenye viboko, mimi samaki nitamuuzia nani? Viboko?"

"Viboko hawali samaki."

"Ndiyo hilo ninalosema!"

Majura akarudi kwenye kayaki yake. Siku ya kwanza akatafuta tundu. Siku ya pili akatafuta. Akaitazama kayaki dhidi ya jua, akaikwangua lami yote, akapitisha hata ulimi wake kwenye mikwaruzo. Hakuliona. Ikafika Ijumaa, siku ya tano.

Siku hiyo akafika mgeni. Alikuwa Bibi Nyangeta, mama yake Nyafuru, mfinyanzi wa vyungu, amekuja kumwona mjukuu. Na hapo taabu ya Majura ikaongezeka, maana kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemezani moja kwa moja. Mmoja akipita njia, mwingine huingia vichakani. Ni heshima, na heshima hiyo hailegezwi hata mtu akiwa na shida zake.

Nyafuru akatundika kanga mbili kwenye kamba uani. Bibi Nyangeta akakaa upande huu na mjukuu wake. Majura akabaki upande ule na kayaki yake.

Baada ya muda sauti ikatoka nyuma ya kanga. "Nyafuru, muulize mkwe wangu anatafuta nini kwenye hicho kidude tangu nilipofika."

"Baba Bwire, mama anauliza unatafuta nini."

"Mwambie natafuta tundu."

"Mama, anatafuta tundu."

"Mwambie tundu halitafutwi kwa macho."

"Baba Bwire, anasema..."

"Nimesikia."

"Sasa kama mnasikiana, mimi niende nikapike!"

"Usiende!" wakasema wote wawili kwa pamoja, kwa hofu ya kweli.

Nyafuru akashusha pumzi, akakaa katikati kama mwamuzi wa mpira.

Bibi Nyangeta akaendelea. "Mwambie hivi. Mimi nikitoa chungu motoni, ufa mwembamba siwezi kuuona, hata nikivaa miwani mitatu. Ninakijaza maji. Ninakipaka jivu kavu kwa nje. Kisha ninakaa kimya. Mahali penye ufa, jivu litalowa lenyewe."

Majura akashangaa. Tangu kayaki ianze kunywa maji, kazi yake ilikuwa kuyatoa. Kuyaingiza kwa makusudi kulikuwa kama kumkaribisha mwizi chakula.

"Mwambie mama kwamba maji ndiyo ninayoyakimbia."

"Basi mwambie aendelee kuyakimbia. Keshokutwa atayakimbilia kwenye viboko."

Nyafuru hakuhitaji kulirudia hilo.

Wakainyanyua kayaki wakaiweka juu ya magogo mawili. Majura akakata shingo ya chupa ya maji, akaitumia kama mrija wa kumiminia, akamimina ndoo sita kupitia tundu la kizibo, kisha akakifunga. Nyafuru akaleta jivu la jikoni, wakapaka tumbo zima, kuanzia puani hadi mkiani. Kayaki ya njano ikawa nyeupe kama mtoto aliyechezea unga.

Wakangoja. Chai ikachemka, ikanyweka, ikaisha. Jivu likabaki kavu vilevile. Majura akalala chini ya kayaki, akatazama kila kona. Kavu.

Akajitokeza, akakaa chini mavumbini. Ikiwa hakuna tundu, basi hakuna mtoboaji. Na ikiwa hakuna mtoboaji, yeye ni mwongo mbele ya mwalo mzima.

Wakati huo Nyafuru alikuwa ameingia ndani kumlaza mtoto. Uani walibaki mkwe na mama mkwe, kanga katikati, na kuku mmoja mwekundu aliyekuwa akiparura jivu lililomwagika.

 Mwishowe Bibi Nyangeta akakohoa.

"Kuku," akasema, "mwambie mkwe wangu kwamba chungu kina tako na kina mdomo. Yeye ametazama tako tu."

Majura akamgeukia kuku kwa adabu. "Kuku, mwambie mama kwamba chombo huingiza maji kwa chini. Ndivyo tulivyozaliwa tukakuta."

"Kuku, mwambie kwamba mitumbwi mliyozaliwa mkaikuta ina uwazi kwa juu. Hiki kimefunikwa. Muulize, akiwa ziwani, mawimbi hupita wapi?"

Kuku akawatazama wote wawili kwa jicho moja, kisha akaenda zake.

Lakini Majura alikuwa ameshaanza kuyafuata mawimbi akilini. Mawimbi hupita juu. Kila siku hupita juu, yanalamba mkia, yanateremka. Naye hajawahi kutazama juu hata mara moja, kwa kuwa juu ndipo anapokaa.

"Nyafuru!" akaita. "Njoo tuipindue!"

Kuipindua ikiwa na ndoo sita za maji kulihitaji watu watatu. Majirani hawakuweza kuitwa, kwani jirani akijua, mwalo umejua. Bibi Nyangeta akainuka. Akajifunika kanga kichwa kizima mpaka kidevuni, akanyoosha mikono mbele, akasema, "Nyafuru, nielekeze penye kushika."

"Kushoto mama. Hapana, hapo unamshika mbuzi."

"Nimeona ana manyoya. Haya, sasa?"

"Hapo hapo."

Wakahesabu hadi tatu, wakasukuma. Kayaki ikabiringika, ikalala kifudifudi juu ya magogo, maji yakicheza ndani yake kwa kishindo. Majura akajipenyeza chini na jivu mkononi. Hakumaliza hata kulipaka.

Karibu na mkia, doa jeusi likatokea, dogo kama punje ya mtama. Kando yake likatokea la pili. Kisha la tatu, na la nne. Madoa manne, yamejipanga vizuri kama miguu ya kigoda. Maji yakaanza kudondoka: to, to, to.

Yalikuwa chini ya keria ya baiskeli. Yalikuwa mahali pa skrubu nne.

Majura akayatazama, na mambo yote yakamjia kwa mara moja. Mbao huibana skrubu na kuishika mpaka izeeke nayo. Plastiki hii ni nyembamba kama gamba. Skrubu zilipita moja kwa moja hadi kwenye utupu wa ndani, na kila ndoo ilipotikisika, matundu yakatanuka. Siku ya samaki wachache mkia ulibaki juu ya maji. Siku ya samaki wengi ndoo ililemea, mkia ukazama, mawimbi yakaulalia, na midomo minne ikanywa. Tundu halikuwa na macho. Ndoo ndiyo iliyokuwa na uzito.

"Umeliona?" aliuliza Nyafuru.

"Nimeliona."

Akafungua keria taratibu. Matundu yakabaki wazi, ya mviringo, safi kabisa. Hakuna mtu ambaye angesema yametokea yenyewe. Yalitobolewa kwa mkono wa mtu, na mwaloni walitaka kuona tundu la mkono wa mtu.

Majura akazungusha skrubu moja kwenye vidole vyake. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini sana.

"Nikisema Masatu alizilegeza skrubu alfajiri ile, nani atajua?"

Nyafuru aliichukua ndoo akaikumbatia tu. Meza yake ya samaki, wateja wake, njia fupi ya mtoto kwenda shule, vyote vilikuwa kwenye swali hilo, na yeye alijua.

Nyuma ya kanga, Bibi Nyangeta akajifunika vizuri. "Nyafuru, mwambie mkwe wangu nilimsaidia kutafuta tundu, na tundu limepatikana. La kumtafutia mwenyewe wa tundu, jivu lake mimi sina."

Kisha akaomba maji ya kunawa.

Jumamosi Majura aliiponya kayaki. Alimwaga maji, akaianika mpaka ikakauka. Akakata kipande cha dumu kuukuu la mafuta ya kula, la njano vilevile. Akapasha kisu kwenye makaa, akayeyusha plastiki kidogo kidogo ndani ya kila tundu, akaisawazisha kwa mgongo wa kijiko cha moto. Ilipopoa, akapaka povu zito la sabuni juu ya viraka vyote, akafunga mdomo wa pampu ya baiskeli kwenye tundu la kizibo kwa kitambaa, akajaza upepo. Kama pangekuwa na tundu, povu lingetoa mapovu makubwa. Povu likatulia kimya.

Keria hakuikaza tena kwa skrubu. Aliifunga kwa kamba kwenye vishikio vya pembeni. Kayaki ilikuwa nzima. Kilichobaki ni mwenyewe.

Jumapili asubuhi mwalo ulijaa. Hata watu wasiovua walikuja. Masatu alisimama mbele na shati lake la kanisani, uso umemsinyaa, kwani wiki nzima watu wawili walikuwa wamekwisha kuondoa kwake mitumbwi waliyompa atengeneze.

"Majura," alisema Nyabweke, "siku saba zimetimia. Tundu limeonekana?"

"Limeonekana, mama. Yalikuwa manne."

Mnong'ono ukapita ufukoni.

"Yalijitokeza yenyewe, au yalitobolewa?"

"Yalitobolewa. Kwa mkono wa mtu."

Macho yote yakamgeukia Masatu. Waliokuwa karibu naye wakasogea hatua moja pembeni, na muuza dagaa akatikisa kichwa kama mtu aliyejua tangu zamani. 

Majura akaona jinsi ilivyo rahisi. Alihitaji kunyamaza tu, basi. Nyamaza kidogo, na mwalo wenyewe utamalizia.

Akanyanyua mkono wake wa kulia juu kabisa.

"Mkono wenyewe ni huu," akasema. "Ni mimi niliyeitoboa kayaki yangu, nilipoikaza keria ya baiskeli. Viraka ni hivi, njooni mvitazame. Mtu huyu hana kosa. Nilimsingizia."

 Wimbi dogo likaja likarudi.

"Masatu," Nyabweke akauliza, "siku ile ulikuwa unafanya nini na hicho chombo?"

"Nilitaka kuwaambia, mama, hamkutaka kusikia. Nilikuwa naisikiliza. Nilipita nikaisukuma kidogo kwa mguu, nikasikia maji yaliyobaki yanacheza tumboni mwake. Mimi ni fundi. Chombo cha jirani kikinywa maji, usingizi sipati. Nikasema nitamwambia akija." Akamtazama Majura. "Akaja, na kasia juu."

Majura akainamisha kichwa. "Mpeni kasia," akasema. "Sheria ni sheria."

Wakampa Masatu kasia. Akatembea nalo hadi ukingoni, maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Pale kwenye meza yake Nyafuru akashika nguzo ya turubai kwa mikono miwili.

Masatu akainua kasia. Akalielekeza ng'ambo ya ghuba, kule kwenye viboko, akalishikilia hapo. Watu wakavuta pumzi. Nyafuru akafumba macho.

Kasia likaanza kusogea. Likaiacha ng'ambo, likapita matete, likapita mawe meusi, likapita mtumbwi mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mshale wa saa, mpaka Masatu alipokuwa amegeuka kabisa, mgongo ziwani na uso ufukoni. Hapo akalishusha, akalichomeka kwenye mchanga kwa nguvu, hatua mbili tu kutoka kwenye mtumbwi wake mwenyewe.

"Hapo," akasema. "Ubavuni kwangu. Kila siku."

Watu wakatazamana. Nyabweke akakuna shavu. "Masatu, una hakika? Una haki ya kumpeleka hata kwa Kubwera."

"Mama, msidhani namhurumia. Mtu anayetia skrubu kwenye plastiki ni hatari kumwacha peke yake. Nataka awe mahali ninapomwona."

Ufuko ukalipuka kwa kicheko. Hata Nyabweke alicheka mpaka akashika kiuno, na alipoweza kusema tena alisema, "Kasia likishaonyesha, hakuna rufaa. Majura, vuta chombo chako."

Majura akaivuta kayaki ya njano juu ya mchanga. Alikuwa ameandaa kitu kirefu, kizuri, cha kusema. Akasema tu, "Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusikia," Masatu akajibu, huku akiinama kuitazama keria. Akaishika kamba, akaivuta, ikalegea. "Majura, hili ni fundo au ni tambi? Sogea huko. Sogea nikufungie vizuri, kabla hujazama ukasema ni mimi."

Na wakapiga magoti wote wawili mchangani, kila mmoja akivuta ncha yake ya kamba.

Funzo: Chombo chako kikiingia maji, usiharakishe kumtafuta adui, kipindue kwanza utazame hata pale unapokaa mwenyewe, na ukikuta tundu ni la mkono wako, liseme kwa sauti ileile uliyomtuhumu nayo mwenzako.